Sanduku Jekundu Lisilokaliwa

Jumamosi, 4 Juni 1949

Limefika! Mume wangu Enoka na utingo wake wameliteremsha kwenye lori mchana, limefunikwa turubai kama mgonjwa. Sanduku langu la tatu la Kichina. Hili ni kubwa kuliko yote — hata mimi naweza kulala ndani nikikunja magoti. Jekundu! Linang'aa mpaka unajiona uso. Juu yake kuna vinyumba vya dhahabu, madaraja, na watu wenye kofia pana. Lilikuwa la Mjerumani wa Mbozi aliyeondolewa shambani wakati wa vita, vitu vyake vikapigwa mnada. Mhindi wa Mbeya kamwambia Enoka kwamba ile si rangi, ni utomvu wa mti, hupakwa tabaka juu ya tabaka, na kwamba sanduku lenyewe ni la kale kuliko babu zetu.

Enoka anasema hili ndilo la mwisho. Hata la pili alisema hivyo.

Majirani walisimama njiani wakitazama. Hakuna aliyekuja kusaidia kubeba. Hapa kijijini Mpemba hata mtu akishusha kuku watu hukimbilia.

Jumanne, 7 Juni

Nimelisugua kwa nta ya nyuki kutwa nzima. Mikono inauma, moyo mweupe.

Lile jeusi lenye picha ya ndege korongo limebaki na mablanketi na nguo. Nondo hawaingii, mti wenyewe unawafukuza kwa harufu. Lile dogo ndilo meza yangu ya chai. Jekundu nimeliweka chumba cha mbele, chini ya dirisha, nikalitandika kitambaa nilichofuma: wageni walikalie. Kifuniko chake kikishuka hata wembe haupiti. Nimekishusha na kukiinua mara nyingi kama mtoto. Sina mtoto wa kunichafulia nyumba, basi na nipende mbao zangu.

Marita wa jirani alikuja kuomba moto. Nikamwambia karibu ukae. Akabaki mlangoni. Anasema mwenye duka kule Tunduma, mtu wa pwani, alinusa nguo zangu akasema hiyo ni karafuu maiti, kwao hupakwa wafu. "Sasa dada Ferista, harufu ya wafu waitakia nini ndani?" Nikamjibu ni ya nondo. Akaenda zake bila moto.

Alhamisi, 9 Juni

Sasa nimejua. Banyama! Ndilo neno lao. Wale wanaosemwa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kwamba hukamata watu na kuwanyonya damu kwa ajili ya Wazungu. Eti wekundu wa sanduku ni damu. Eti Enoka huvusha watu mpakani ndani ya masanduku, juu ya lori, na mimi mkewe ndiye mtunzaji. Mwanamke asiye na mtoto, mwenye masanduku matatu — wameshamaliza hesabu.

Nilicheka kwa sauti. Kisha nikafunga mlango, mchana mweupe. Mwaka jana kule ng'ambo walimpiga mtu karibu afe kwa kukutwa na gunia na kamba tu. Alikuwa anakwenda kununua mbuzi.

Jumapili, 12 Juni

Kanisani nimekaa benchi peke yangu. Benchi zima!

Enoka anataka kuyachoma masanduku. Kayachome, nikamwambia, na mimi uniweke juu. Hasira ile — najua ni woga uliovaa nguo nyingine. Nikiyachoma nitakuwa nimekiri. Kesho anakwenda Mbeya, atarudi Jumamosi mchana. Nimemwomba asiende, kisha nikaona aibu nikamfungia chakula.

Jumanne, 14 Juni

Jiwe juu ya bati. Moja tu. Nilitoka, hapakuwa na mtu. Siku nzima nimefagia uwanja uleule.

Jumatano, 15 Juni

Ee Mungu, sasa ni kweli. Nina mtu ndani ya sanduku.

Ni Yunisi, binti wa Danford. Danford ni jirani yetu wa upande wa mtoni, mzee wa kanisa. Nilikuwa nawasha moto asubuhi, binti akaingia kwa mlango wa nyuma, miguu imelowa umande, akapiga magoti. Anaozwa Nakonde, kwa mzee aliyefiwa na mke, mwenye wajukuu wanaomzidi Yunisi umri. Ng'ombe wameshafika zizini kwa baba yake. Anataka kwenda Mbebe kwa mama yake mdogo, huko atasoma. "Mama, nifiche mpaka lori lirudi tu." Ameniita mama. Hakuna anayeniita mama.

Nilitaka kumwambia, mwanangu, nyumba zote hizi, ukaichagua hii? Kabla sijafungua kinywa tukasikia nyayo. Akatazama huku na huku, akainua kifuniko chekundu mwenyewe, akaingia. Alikuwa Marita, hodi ya mlangoni tu: Je, nimemwona binti wa Danford? Sijamwona. Mdomo wangu ulisema hivyo wenyewe.

Alhamisi, 16 Juni

Wamemtafuta mpaka Chapwa. Leo wamekuja kwangu, wanaume kadhaa. Wameingia, wametazama uvunguni, wametikisa magunia ya mahindi. Lile jeusi wamelifungua kwa ncha ya fimbo! Jekundu wamelizunguka kwa mbali kama wanaomkwepa nyoka, mmoja akatema mate, wakatoka.

Hakuna anayethubutu kuligusa. Nimekaa sakafuni nikacheka. Woga wao ndio kufuli langu. Na waendelee kuogopa! Waseme damu, waseme banyama, mpaka Jumamosi.

Lakini nilipoinua kifuniko Yunisi alikuwa ameloa jasho, midomo imepauka. Hewa hakuna mle. Ule ufundi nilioujivunia ndio unaomnyonga. Kuanzia sasa naweka gunzi la mahindi ukingoni, kifuniko kisishuke chote, na kitambaa kinaficha upenyo.

Ijumaa, 17 Juni

Amepata kikohozi. Baridi ya ule umande, au ile harufu kali. Nikisikia mtu njiani namwingiza sandukuni na kuomba: asikohoe, Bwana, asikohoe. Leo nimeomba hivyo mpaka maneno yamekosa maana.

Marita amesimama tena mlangoni. Safari hii hakuwa na kejeli, alikuwa analia. Anasema watu wanaamini Yunisi amekamatwa na banyama, na kwamba kesho jioni jumbe atakuja masanduku yafunguliwe mbele ya wote. "Dada, kimbia. Wanaume wananoa mapanga." Nikimbilie wapi? Nikikimbia, huyu aliye humu nitamwachia nani?

Bado tuna mchana wa kesho. Lori litafika kabla ya jumbe. Litafika.

Jumamosi, 18 Juni

Hawakungoja jioni. Kabla umande haujakauka uwanja ulikuwa umejaa. Yunisi alikuwa anakunywa uji, akaacha bakuli, akaingia. Nimeweka gunzi, nimetandika kitambaa. Bakuli nimemalizia mimi.

Wametuma mtu kumwita jumbe. Bila yeye hawafungui. Nimeambiwa nisitoke. Mwenye panga amesimama kwenye kila mlango. Hakuna anayeingia ndani, wananitazama tu kutoka nje. Nimechukua kalamu ili mikono iwe na kazi.

Lori bado.

Danford ameingia. Wenzake wamempigia kelele asiingie, akawaambia mtu aliyebatizwa haogopi mbao. Kaomba maji. Nimempa. Amekonda, shati lile alilovaa kanisani hajalivua tangu Jumapili, nadhani. Anatazama chumba chote kama mtu aliyeamka ugenini.

Amekaa.

Amekaa juu ya sanduku jekundu! Siku zote hizi hakuna aliyelikaribia. Sikumfikiria mtu asiyeamini habari ya banyama. Na yeye amekaa kwa uzito wake wote, amewatazama wale wa mlangoni, amepiga kifuniko kwa kiganja: "Mnaona? Ni kiti."

Gunzi limechomoka. Liko sakafuni karibu na kiatu chake.

Ananiuliza naandika nini. Nimesema barua ya Enoka. Hajui kusoma. Anasema, mwandikie Enoka kwamba mimi sikuwahi kumdhania vibaya. Nimeandika. Mkono unakwenda wenyewe.

Anazungumza taratibu, wa nje wasisikie. Anasema ng'ombe atawarudisha. Anasema akimwona mwanawe tu, atawaswaga ng'ombe wote hadi Nakonde kwa miguu yake. Machozi yanamtoka hayafuti. Nimwamini? Baba husema mengi akiwa na hofu. Akimpata mzima je, atasema hivyohivyo? Na wale wenye mapanga, wakiona mtu anatoka sandukuni mwangu, watangoja nieleze?

Nimemwambia, Baba Yunisi, njoo ukae huku kwenye stuli, kuna jua. Kasema hapa panamtosha.

Barabarani kimya. Hakuna lori.

Tangu alipokaa sijasikia kikohozi. Hata kimoja. Asubuhi Yunisi alikuwa akikohoa kila mara, nikambana mdomo kwa blanketi. Sasa hakuna. Nimetega sikio mpaka nasikia kalamu tu.

Akohoe. Bwana, akohoe, hata mara moja, na wote wasikie —

Hakuna.

Naweka kalamu chini nimwambie: Baba Yunisi, inuka hapo. Inuka! Mtoto wako yumo —