Kustaafu kwa Kikombe cha Buluu

Jumapili, Giakanja, Nyeri. Manyunyu tangu alfajiri, baridi ya Julai, na mlima haujaonekana wiki nzima.

Kwa heshima na taadhima, ninautangazia umma kwamba kikombe cha buluu cha nyumba hii, kile cha bati kilichobanduka rangi mdomoni, kimestaafu. Kimeitumikia familia kwa uaminifu. Hakutakuwa na hotuba.

Hiyo ndiyo taarifa rasmi. Sasa nipumue.

Baba mdogo Gathogo amerudi kutoka Amerika, alikoishi karibu maisha yake yote. Tulikua tukijua kwamba anafanya kazi "kiwandani". Kiwanda cha nini, hakuna aliyeuliza. Sasa amekuja na medali. Huko wana siku ya kuwaenzi watu waliotengeneza silaha za nyuklia za nchi yao, na yeye alikuwa mmoja wao. Alikereza vyuma vilivyoingia ndani ya mabomu.

Vumbi la vyuma hivyo liliingia ndani yake pia. Ana kikohozi kikavu, kama mtu anayekwaruza sufuria. Daktari wake alimwambia ni makovu ya mapafu, na hayamwambukizi mtu. Alitueleza haya mwenyewe siku ya kwanza, kabla hatujauliza. Akaongeza kwamba tikiti ya kurudi anayo, lakini angependa kuzeekea hapa. "Acha kwanza nione kama nimefika nyumbani," akasema.

Nilimwamini. Kisha nikashika simu nikaanza kusoma.

Mtu mwenye mjukuu wa miaka mitatu asisome mambo ya nyuklia kwenye simu. Kufikia jioni nilikuwa nimemkataza mjukuu wangu Wambui kukaa mapajani pa babu yake Gathogo, ati mtoto ana mafua. Mtoto hakuwa na mafua. Siku iliyofuata kikombe cha buluu, ambacho Baba mdogo alikipenda na Wambui naye hupenda kumalizia chai iliyobaki humo, hakikuonekana tena.

Leo kanisa lilimheshimu. Mimi ndiye msema chochote, yaani MC, wa kanisa letu, kazi niliyopewa kwa sababu nina sauti na sina kwaya. Mwenyekiti alinivuta kando. "Kariuki, hiyo maneno ya bomu usitaje. Sema tu ni injinia."

Nikasema ni mtaalamu wa vyuma. Makofi. Baba mdogo akasimama, akashika kipaza sauti.

"Tulikuwa tunatengeneza mabomu," akasema. "Sijui kama hiyo ni ya kupigiwa makofi. Lakini wenzangu wengi walikufa na kifua. Hao mnaweza kuwapigia."

Kisha mama mmoja wa nyuma akaanza kupiga, na wengine wakafuata. Medali ikapita benchi hadi benchi, kila mtu akiipima uzito.

Kwetu, ibada ikiisha, tunatoka tukipanga laini nje. Wa kwanza kutoka anasimama, wa pili anamsalimia na kusimama kando yake, hivyo hivyo mpaka kila mkono umeshika kila mkono. Hata waliokosana hupita hapo. Nikiwa pale mbele niliona mikono ikianza kuingia mifukoni. Nikaona laini itakavyokuwa akifika Baba mdogo.

Nikasema, "Kwa sababu ya manyunyu, leo hatutapanga laini."

Manyunyu! Hapa Nyeri, ambako tunazika watu kwenye mvua ya mawe.

Nilijiambia ninamwepushia aibu. Nilipotoka nilimkuta amesimama peke yake mahali laini huanzia. Alikuwa ameshavua glavu ya mkono wa kulia.

Alasiri mke wangu alimletea chai kwa kikombe cha wageni, chenye kisahani. Akakitazama.

"Kikombe yangu iko wapi?"

"Ilivunjika, baba," nikasema.

"Ile ya bati?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Bati ilivunjika," akasema polepole. "Nimefanya na chuma maisha yangu yote, na hiyo sijaona."

Mke wangu aliondoka kwenda kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa amemwita.

Nilingoja anikaripie. Badala yake akanieleza jinsi siku ya kazi ilivyokuwa ikiisha. Waliacha nguo zote ndani ya lango, wakaoga, wakapimwa viganja na nyayo kwa mashine, ndipo wakaruhusiwa kwenda kwa wake zao. Mara moja mashine ililia. Akasugua mikono mpaka ngozi ikatoka, ndipo ikanyamaza.

"Mimi ndio nilianza kuwaogopea watu wangu, Kariuki. Zamani sana. Ungeniuliza."

Kisha akasema kesho asubuhi, baada ya chai, atawapigia simu watu wa ndege kuhusu ile tikiti ya kurudi. Hakusema atawaambia nini. Akaenda kulala kidogo, na mpaka sasa ninasikia kikohozi chake ukutani.

Basi, ukweli ni huu. Kikombe hakikustaafu. Nilikifukuza. Nilikitia kwenye mfuko nikakificha stoo nyuma ya gunia la mbolea, na sikumhofia Wambui peke yake. Nilijihofia na mimi.

Nimekirudisha. Nimekiosha kama ninavyoosha vikombe vingine, ingawa mikono ilitaka kuendelea kusugua, na nimekitundika kwenye msumari wake. Bado ninaogopa. Nimesoma tena kwenye simu, na bado ninaogopa.

Kesho asubuhi nitakijaza chai, nimpe Wambui ampelekee babu yake. Sijui kama nitaweza kuketi kitini na kumwacha mtoto amalizie iliyobaki.