Mwaka Huu Kuku Asichinjwe

Newala,
Jumapili, Januari, baada ya ibada.

Mume wangu mpenzi, Baba Neema,

Bwana asifiwe. Kabla sijaeleza lolote, niambie goti lako linaendeleaje. Usinijibu "salama tu" kama unavyomjibu kila anayepita njiani, mimi nataka kujua kama unaweza kuchuchumaa na kuinuka bila kushika ukuta. Na Mama anaendeleaje? Bado anakataa kulala mchana? Mvua huko imeanza vizuri au inawachezea? Huku imenyesha mpaka matangi yamejaa, na mtu wa Newala tangi lake likijaa hata salamu yake inabadilika. Mimi ni mzima, nina furaha, na sababu ya furaha utaikuta mbele. Usiruke kurasa.

Najua utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Mwenye makosa ni wewe. Nikipiga unaweka sauti kubwa, simu unaiegesha juu ya kinu, halafu majirani wote wanakaa kunisikiliza. Juzi juzi nilitaja neno kustaafu mara moja tu, na kabla jua halijazama mdogo wako Naftali alikuwa ameshanunua mashine ya kukamua alizeti kwa mkupuo wangu wa pensheni. Ameinunua kwa mdomo, lakini nasikia hata mahali pa kibanda ameshapachagua. Kwa hiyo barua hii isome peke yako kwanza, ukiwa na miwani. Baadaye wasomee wengine, na panapomhusu Naftali soma kwa sauti zaidi.

Unakumbuka nilivyoumia bega la kulia kwa kumdaka mgonjwa aliyekuwa anaporomoka kitandani. Kwa muda mrefu sikuweza hata kuchana nywele, Somoe, mhudumu mwenzangu wa wodini, ndiye aliyekuwa ananichana. Ukaniambia, "Acha kazi urudi. Hamsini na tano umeshafika, wewe na dada yangu Tabitha mlibebwa mgongoni msimu mmoja." Leo nakwambia kwamba niliandika ile barua ya kuacha kazi, nikaitia kwenye mkoba, nikaenda nayo ofisini.

Sikuiandika kwa sababu ya bega peke yake, Baba Neema. Niliiandika kwa sababu ya likizo iliyopita. Nilipofika mlinichinjia kuku, kama kawaida. Rehema wa Elia wetu akanipa kiti kile kizuri, akaninawisha mikono, akaniwekea firigisi kwenye sahani. Kesho yake nikaingia jikoni nisonge ugali, nikatafuta mwiko nisiuone. Mkamwana wetu akanishika mkono kwa upole, akasema, "Kaa tu Mama, utachoka." Ni binti mzuri, hana kosa. Lakini lile jiko nimelijenga mimi, nilikanda udongo wake kwa mikono yangu, na sikujua mwiko unakaa wapi. Iliniuma. Nilirudi Newala nikijiambia kwamba nimekuwa mgeni kwangu.

Basi ofisini nikamkuta afisa utumishi, binti wa umri wa Neema wetu, anaitwa Upendo. Akaisoma barua yangu, akaikunja, akanirudishia.

"Mama, hii usiniachie," akasema. "Ukiacha kazi leo, umeacha. Hujastaafu."

"Kwani si ni kutoka tu, mwanangu?"

"Kutoka kuna namna zake. Michango yako haina shida, ile miaka kumi na mitano inayotakiwa umeipita zamani. Shida ni umri. Ukiacha kabla ya hamsini na tano, mfuko wa pensheni utakuambia ukae usubiri mpaka uifikishe. Na ukiondoka hivyo, mizigo yako utaisafirisha mwenyewe mpaka Singida, na ile bima ya afya anayobaki nayo mstaafu na mwenzi wake utaikosa."

Nilipomsikia anataja mwenzi nikalifikiria goti lako. Lakini nikamwambia kwamba hamsini na tano nimeshafika, mume wangu amethibitisha. Akacheka, akanigeuzia kompyuta.

"Mzee anahesabu vyake, serikali inahesabu ulichoandika siku ya kwanza ya ajira, na hakibadilishwi. Hapa umezaliwa tarehe moja Julai, na bado hujafika. Unakaribia."

"Tarehe moja Julai," nikasema.

"Usijali, Mama, hamko wachache. Nusu ya watu wazima wa wilaya hii walizaliwa siku hiyo."

Sasa nikueleze ili uache kubishana na serikali. Mwaka ambao Tabitha alianza shule, na mimi nilipelekwa. Nilikuwa mfupi mno. Mwalimu akaniambia nipitishe mkono juu ya kichwa nishike sikio la upande wa pili, mkono haukufika, nikarudishwa nyumbani nikilia. Mwaka uliofuata haukufika tena. Ulipofika, mwalimu akamuuliza marehemu baba nilizaliwa lini. Baba akasema, "Tulikuwa tunapura mtama." Hakuulizwa mtama wa mwaka gani. Mwalimu akaandika tarehe moja Julai, na mwaka akachagua unaomfaa mtoto wa darasa la kwanza. Ndiyo maana kwa karatasi mimi ni mdogo kwa Tabitha, na mwambie kuanzia leo nitampa heshima kidogo kama mkubwa wangu.

Upendo aliponiona nimenyong'onyea akanionyesha njia nyingine. Mtu akiugua au akiumia mpaka hawezi kazi tena, anaweza kustaafishwa kwa ugonjwa na akapata mafao ya ulemavu, na hiyo haingoji umri. "Ila si mimi wala wewe wa kusema huwezi," akaniambia. "Ni jopo la madaktari." Nikakubali. Nikapangiwa siku ya kwenda mkoani.

Jioni kabla ya safari Somoe alikuja kunifunza kuugua. Nisikilize vizuri: mtu aliyelilea bega langu wiki nzima nzima alikaa kwenye mkeka wangu ananionyesha jinsi ya kugumia. "Wakikwambia inua mkono, ishia hapa," akasema, akainua wake mpaka kifuani. "Kisha funga macho." Tulicheka mpaka mama mwenye nyumba akagonga ukuta. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua kufanya hivyo hivyo. Nilitaka kurudi nyumbani, Baba Neema, nilitaka mno.

Mkoani tulikaa kwenye benchi, foleni ndefu. Pembeni yangu palikuwa na mama kijana na mtoto wa miezi michache. Akamlaza kwenye benchi ainame kufunga kiatu. Mtoto, unawajua, akajibiringisha. Hapo hapo mlango ukafunguliwa na daktari akatoka kuita jina langu. Jina langu sikumbuki kulisikia. Ninachokumbuka ni kwamba mtoto alikuwa anakwenda chini, na mimi nilimdaka kabla hajagusa sakafu, kwa mkono wa kulia, nikamnyanyua mpaka begani, nikampigapiga mgongo. Daktari amesimama mlangoni, faili langu mkononi, ananitazama.

"Mama," akasema, "huo ndio mkono mgonjwa?"

Benchi lote liliangua kicheko. Hata mama wa mtoto alicheka. Nilitamani sakafu inimeze. Bega liliwaka moto, sikudanganyi, lakini mtoto nilikuwa nimemshika imara na hakuwa na habari.

Ndani walikuwa madaktari watatu, watu wa heshima kabisa. Walinipima kwa haki, wakatazama picha za bega, wakaniuliza yote. Nami ugonjwa wa Somoe ulikuwa umenitoka wote, mkono nikauinua mpaka unapofika kweli. Wakasema kazi naiweza, ila kunyanyua wagonjwa nisinyanyue tena, nipewe kazi nyepesi. Yule wa mlangoni akanisindikiza akisema nikawahudumie watoto, maana wao wanahitaji mikono ya aina hii. Kwenye basi la kurudi nililia kidogo, sikufichi. Kisha nikakumbuka uso wa daktari pale mlangoni, nikacheka peke yangu mpaka jirani yangu akasogea.

Basi wakanihamishia kliniki ya watoto. Napima uzito, naandika kadi, nawasikiliza kina mama wakilalamika juu ya mawifi. Huwezi kuamini raha niliyoipata. Bega limepona kiasi kwamba sasa najichana mwenyewe, na Somoe ananisema kuwa namharibia sura mteja wake.

Haya, habari yenyewe ndiyo hii. Upendo aliniambia anayetaka kustaafu kwa hiari hasubiri siku ya kuzaliwa ifike ndipo aseme, anatoa taarifa miezi sita kabla. Kwa hiyo mwezi wa kumi na mbili nikaandika barua nyingine, si ile ya mkobani. Ile ya mkobani niliwashia jiko. Na jibu limekuja wiki hii, Baba Neema. Wamekubali! Tarehe moja Julai natimiza hamsini na tano ya serikali na siku hiyo hiyo nakuwa mstaafu, mwenye barua, mwenye kuagwa, mwenye kusafirishiwa mizigo yake mpaka kwetu Nduguti. Nilipoisoma nilipiga kigelegele palepale ofisini, na Upendo, afisa mzima, akanipokea. Nina furaha mpaka usiku nashindwa kulala, nakutafuta nikupe habari, nakumbuka uko mbali, nacheka.

Hapa sasa soma kwa sauti, Naftali asikie. Shemeji yangu mpendwa, mkupuo ni sehemu tu ya mafao, nyingine itakuwa inaingia kidogo kidogo kila mwezi maisha yangu yote, na hata huo mkupuo huchukua muda wake kufika. Usikope kwa jina langu. Usimwambie fundi aanze kibanda. Mashine ya alizeti tutaizungumza mezani tukiwa watu wazima watatu, na mmoja wa hao watatu nitakuwa mimi.

Wewe, mume wangu, niandalie mambo machache. Ukuta wa chumba chetu uupige lipu upande ule unaovuja, maana safari hii sitausifia halafu nikaondoka. Naja na kitanda, mapipa yangu ya maji, cherehani, na korosho za kutosha Mama kuwaringia wenzake kanisani. Goti usilichoshe shambani, subiri nije, twende hospitali pamoja na hiyo bima.

Mpe Mama shikamoo yangu, umwambie mkwe wake anarudi na safari hii hatahesabu siku za likizo. Msalimu wifi yangu Tabitha, dada yangu kwa amri ya serikali. Msalimu Neema na mume wake, na kina mama wa kwaya, waambie sauti ya pili waniachie nafasi. Mbusu mjukuu wetu, na mwanangu Elia mwambie nampenda. Na Rehema, mkamwana wangu, mwambie simnyang'anyi jiko, ila anionyeshe tu mwiko unakaa wapi, nami nitaurudisha hapo hapo kila siku.

Nimehesabu na majira. Nitafika wakati mnapura mtama, kama baba alivyomwambia mwalimu. Basi mkiona gari la mizigo msiache kazi kuja kunipokea kwa nderemo, nipeni fimbo ya kupuria nami, nitapura kwa huu mkono wa kushoto. Na kuku asichinjwe. Nakuomba, hata Mama akisisitiza. Kuku ni wa mgeni. Mimi nipikieni ugali wa mtama na mlenda, tule pamoja sahani moja, na nikimaliza kula msinizuie kuosha vyombo.

Ni mimi mkeo, ninayerudi kwangu,
Mama Neema.