Bibi Sasa Umelala Geti Jekundu

Bibi,

Shikamoo. Nimeandika hivyo kwa mazoea, halafu nikajikuta nasubiri uitikie.

Kibao kimesimikwa juzi. Nguzo ya chuma, bati la bluu, maandishi meupe: MTAA WA GETI JEKUNDU. Wamekichimbia pale njia panda, na mtu akisimama kwenye kaburi lako anakisoma bila shida. Ulizaliwa Kwa Binti Salehe, ukaolewa hapo hapo, ukafia hapo hapo. Sasa umelala Geti Jekundu. Hakuna aliyekugusa, Bibi, lakini wamekuhamisha, na mimi nilikuwepo.

Unakumbuka siku mwenyekiti wa mtaa alipopita kutangaza mkutano wa kuchagua majina ya vibao. Miguu yako ilikuwa imeshakataa. Ukasema nilete daftari. Nikaandika kurasa nne: kwamba Binti Salehe alikuwa bibi yako mzaa mama, kwamba alishuka kutoka Mgeta wakati wa njaa na mtoto mgongoni, akaikuta chemchemi imezibwa na magugu, akaifukua kwa mikono na kuizungushia mawe. Waliokuwa wakishuka na matenga ya mboga kwenda sokoni walitua mizigo pale, wakanywa, wakaagana wakutane tena kwa Binti Salehe. Hakuna ofisi iliyotoa jina hilo. Lilitolewa na watu wenye kiu, kwa sababu hakumnyima mtu maji.

Ulipomaliza ukasema, "Utasimama wewe, Rehema. Mjomba wako atakuunga mkono. Ardhi hii ni ya ukoo wa mama yake." Ukafariki kabla ya mkutano.

Mjomba Shabani ndiye aliyesimama wa kwanza. Alitumia sauti ile ile nzuri aliyoombea dua siku tulipokuzika. Alisema tangu yule bwana wa mjini ajenge nyumba yenye geti jekundu, bodaboda wote wanapaita hivyo, na wateja anaowaleta yeye, dalali wa viwanja, hawajui jina jingine. "Binti Salehe ni nani? Sisi wenyewe hatuna hata picha yake." Watu wakacheka. Mwanao, Bibi, aliyekunywa maji ya chemchemi ile kabla hajaota meno.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye jina jingine. Aliuliza mara mbili. Daftari lilikuwa wazi mapajani mwangu, na sentensi ya kwanza nilikuwa nimeirudia tangu asubuhi. Nikaangalia viatu vyangu. Mikono ikanyooshwa, ikahesabiwa, mambo yakaisha. Njiani Mama Lameck, jirani yetu aliyehamia kutoka Mbeya, akaniambia angeninyooshea mkono kama ningesema. "Mimi mgeni, ningeanzaje kuwatajia wenyeji jina la kwao?"

Siku ya arobaini yako, mdogo wako Bibi Zuhura alikuja kutoka Kinole peke yake, na kifurushi cha mdalasini. Ugonjwa ulikuwa umemzuia kuja kukuzika. Alipofika hapa Bigwa akawaomba vijana wa bodaboda wampeleke Kwa Binti Salehe. Wakamwambia hakuna mahali kama hapo. Mmoja akamuuliza kama huyo binti bado hajaolewa. Akaamua kutembea, akakuta njia ya zamani imezibwa na ukuta. Alifika dua imekwisha, sahani zinaoshwa. Akavua kandambili, akakaa mkekani, akasema, "Nimepotea kwetu."

Mjomba alikuwa anakunywa chai. Safari hiyo hakutania. Aliinamia kikombe chake.

Nina hasira naye, Bibi. Ila hasira niliyonayo juu yangu ni kubwa zaidi. Yeye alisahau. Mimi nilikuwa nimeandika kabisa.

Tulipokuwa tukienda kuchota maji, hukuniruhusu kutumbukiza ndoo kabla ya kupiga hodi. Hodi kwa Binti Salehe. Nilikuwa naisema kwa midomo tu, na wewe ukiniuliza, "Umemwomba mwenyewe au umeiomba ndoo?" Halafu ulikuwa ukinirudisha nyuma hatua tatu nianze upya. Nilidhani ni mchezo wako wa kunichekesha. Kumbe ulikuwa unanifundisha kusimama mbele ya watu, na mwanafunzi wako, anayesifiwa shuleni kwa kusoma vitabu, amefeli.

Jana nilikwenda chemchemini. Nilikuta vijana wawili wanaosha pikipiki, matope yanaingia majini. Nikataka kugeuza. Kisha nikapiga hodi, kwa sauti. Mmoja akauliza, "We dogo, unamwita nani?" Nikamwambia. Nilikwama mara mbili, lakini nilimwambia kurasa zote nne. Akasukuma pikipiki yake ikakae mbali na maji.

Mwenyekiti anasema jina likishaandikwa halibadiliki kirahisi. Mkutano mwingine ni mwisho wa mwezi. Nakuahidi nitasimama. Sauti ikikatika, nitasoma daftari. Wakicheka, nitasubiri wamalize, halafu niendelee. Na Bibi Zuhura akija tena, atanikuta barabarani namsubiri.

Lala, Bibi. Wakikuita kwa jina la geti, usiitike.

Mjukuu wako,
Rehema
Kwa Binti Salehe, Bigwa