Kengele ya Lomeri

Jumatatu, 3 Machi. Lodwar

Nimefungua duka, nimefagia vumbi litakalorudi kabla ya saa nne, nimeuza dawa ya minyoo ya mbuzi. Vidole vinauma kwa sababu ya gitaa la besi nililopiga jana na bendi. Joto la kijinga.

Albamu yetu imefika kutoka Nairobi kwa simu. Nimeisikilizia nyuma ya kaunta. Gitaa la Bahati, mwenzangu wa bendi, linalia vizuri kuliko linavyolia mazoezini Kakuma. Roki yenyewe, si mchezo. Kisha wimbo wa mwisho, wa baba. Nilimrekodi mwenyewe mara ya mwisho nilipofika nyumbani, Kaikor. Anamwimbia Lomeri, maksai wake wa madoadoa. Watu humwita baba kwa jina la ng'ombe huyo, Apalomeri, baba wa Lomeri, na albamu tumeiita hivyo hivyo. Lomeri alikuwa akila majani karibu yetu, kengele shingoni. Mlio huo ndio tuliofuata tulipoweka ngoma na magitaa.

Kengele haipo. Fundi wa sauti ameifuta. Alidhani ni kelele.

Jumanne, 4 Machi

Fundi anasema rekodi ya kwanza, yenye kengele, hana tena. Yangu ilizama ziwani na simu, kule Ferguson's Gulf, siku tulipowapigia wavuvi muziki. Bahati ameniandikia kwamba wimbo umetoka safi sana. Leo nimemuuzia mtu dawa ya kupe badala ya sindano.

Alhamisi, 6 Machi

Baba hana simu. Mjomba Ekal, mwenye duka kule Kaikor, amempigia wimbo kwa spika ya simu yake. Anasema mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja.

"Ng'ombe yuko wapi?"

Akachukua kigoda chake akaondoka.

Lomeri alikufa wakati wa ukame. Mjomba anasema tangu hapo baba hajaimba, hata kwenye sherehe. Ile sauti niliyonayo mimi ndiyo iliyobaki, na tumemtoa ng'ombe ndani yake. Nimemkumbuka baba sana. Nataka nimwone amekaa ukumbini Kakuma tukizindua albamu, Jumamosi ya wiki ijayo. Sitaki kingine.

Jumamosi, 8 Machi. Kakuma

Mazoezi kwenye ukumbi wenyewe. Jukwaa dogo, mapazia yaliyofifia, feni moja inazunguka ikitaka. Tumejaribu kijiko na chupa. Tumejaribu kengele ya seti ya ngoma. Ilisikika kama mtu wa aiskrimu. Nimesema wimbo huo hatutaupiga. Mpiga ngoma akaniuliza tunazinduaje albamu bila wimbo uliobeba jina lake. Nikamwambia anyamaze.

Bahati alinifuata nje. Kakulia hapa kwenye kambi ya wakimbizi, ila kinywa chake bado kiko Kongo.

"Akiru, weye uko na sauti ya baba yako. Miye ya mama nasikiaka mu ndoto tu."

Nimeona aibu. Lakini sijabadili mawazo.

Jumatatu, 10 Machi. Lodwar

Nimempigia mjomba. Nimemwomba amwambie baba kengele ya Lomeri ije. Na yeye aje nayo. Hilo la pili nimelisema haraka, kama mtu anayeomba chumvi.

Jumatano, 12 Machi

Baba amehamisha mbuzi kufuata maji. Mjomba ametuma mtu amfuate. Nasubiri. Kila simu ikilia nashtuka, na ni wateja tu.

Ijumaa, 14 Machi

Lori la Kaikor limeingia asubuhi. Nilichungulia mbele, nikachungulia hadi juu kwenye magunia. Baba hakuwemo. Dereva alinipa kitu kimefungwa kwenye kipande cha shuka. Kengele. Mkanda wake wa ngozi bado unanuka ng'ombe. Nimelia mbele ya wapakiaji, wacha waone.

Mjomba akapiga baadaye. "Mzee amesema hiyo si ya kugonga. Ni ya kutembea nayo."

Jumapili, 16 Machi. Kakuma

Jana tumezindua. Ukumbi ulijaa, wengine walikaa sakafuni. Nilikuwa nimeacha kiti kimoja mbele. Mama mmoja akakiulizia, nikamwambia akae.

Kwenye wimbo wa mwisho niliweka besi chini. Nikavaa kengele shingoni juu ya shanga. Sauti ya baba ikaanza kwenye spika, nami nikatembea kama Lomeri alipokuwa akila: hatua, kusimama, kuinamisha kichwa, hatua nyingine. Vijana walicheka. Hata mimi ningecheka. Nikaendelea. Kengele ikaingia mahali pake kwenye wimbo, penyewe, bila kutafutwa. Mpiga ngoma akaacha mwendo tuliofanyia mazoezi, akafuata miguu yangu. Bahati akaingia polepole. Kule nyuma akina mama wa Kiturkana wakaanza kumwitikia baba kana kwamba yuko mbele yao.

Kwa wimbo mmoja baba alikuwepo. Kisha fundi wa ukumbi akawasha taa.

Jumanne, 18 Machi. Lodwar

Dukani. Vumbi lilelile.

Bahati amenitumia wimbo kama mtu mmoja alivyourekodi kwa simu ukumbini. Mtoto analia, feni inakwaruza, mtu anakohoa. Kengele inasikika chini ya hayo yote. Ameuliza kama tuupeleke Nairobi usafishwe. Nimemwambia asithubutu.

Nikautuma Kaikor.

Jioni mjomba amepiga. Baba amerudi na mbuzi. Ameusikiliza mara mbili, na ya pili aliimba kidogo, kwa ndani. Hakuuliza ng'ombe yuko wapi. Amesema kengele irudi nyumbani, na aliyeivaa ndiye airudishe.

Nimeomba ruhusa kazini. Lori linaondoka Alhamisi.