Nyumba Niliyoiandikia Hakuna Hasara

Mpendwa habaryar,

Wewe ni mdogo wa mama, lakini mama niliyemjua mimi ni wewe. Leo sokoni nimesikia harufu ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi, nikageuka mbio nikidhani umerudi. Alikuwa mama mwingine.

Unakumbuka ukiniamsha niende shule? Ulikuwa unakamua mbuzi, unanipa kikombe cha kwanza, unasema, "Kunywa, mwalimu asikuone mnyonge." Maziwa ya mbuzi wale ndiyo yaliyonisomesha.

Halafu ikaja ile mvua, Mto Tana ukafurika, bulla yetu, mtaa mzima hapa Garissa, ikawa maji. Yalipopungua, ofisi ya msaada ikatafuta watu wa kupita nyumba kwa nyumba kukadiria hasara. Nikachukuliwa kwa sababu nimesoma na najua Kisomali.

Unajua watu wetu hawataji idadi ya mifugo. Ukiwauliza wamekufa wangapi, watakuambia alhamdulillahi, tuko hai. Kwa hiyo nilikuwa nakaa chini, nakunywa chai, nauliza kwa kuzunguka: kabla ya mvua mlikuwa mnakamua vikombe vingapi, na leo je? Hapo ndipo najua cha kuandika. Kila nyumba nilifanya hivyo, isipokuwa yako.

Siku hiyo mkubwa wangu wa kazi alikuwa nyuma yangu, na nilikuwa nimemdanganya kwamba kwetu ni watu wa maduka, si wafugaji. Nikaona aibu, habaryar. Nikasimama mlangoni na karatasi, nikakuuliza kwa Kiswahili, kama mgeni: "Mama, mmepoteza nini?"

Ukaniangalia. Ukamwangalia yule mtu. Ukaelewa.

"Hakuna hasara, afisa. Sisi wazima."

Zizi nyuma yako lilikuwa tupu, mbuzi wote walienda na maji. Nililiona. Nikaandika hakuna.

Msaada ulipokuja, jina lako halikuwepo. Hukunilaumu hata siku moja. Uliuza sufuria zako, ukapanda lori la kwenda mji wa Bute kwa ndugu yako, ukaniaga polepole kama vile mimi ndiye ninayesafiri.

Karatasi ile siwezi kuirudisha. Nataka kukuona tu. Jumapili, inshallah, napanda lori. Nitakaa kwenye mkeka wako, na majirani wakiuliza huyu ni nani, nitawajibu mimi mwenyewe kabla hujafungua mdomo.

Kama bado unanikubali,

Mwanao