Mtoto wa Jicho Si Mjukuu

Mshauri wangu, nakuja kwako nimevua kofia, na wanaonijua watakwambia kofia hii sivui ovyo. Mimi ni kinyozi, nimenyoa wakubwa na wadogo, nimevuka mipaka ambayo wengine wanaiona kwenye ramani tu, hakuna mjanja aliyewahi kunipiga chenga, ila sasa nimekwama kwa neno moja. Mama yangu ni mtu mzima, bima ya msingi anayo, lakini foleni ya upasuaji kwa bima hiyo haisogei, nikasema mwanamume ni mimi, namkatia ya nyongeza, basi wakala, dada mmoja mpole, akanipigia nikiwa na kichwa cha mteja mkononi, nikaweka spika ili saluni nzima isikie mama anavyotunzwa, akaanza kunisomea: meno? Weka! Masikio? Weka! Mtoto wa... nikamkata hapohapo, "Dada, watoto toa wote! Mama ana vitukuu, wewe bado unamtafutia mimba?" Watu wakaangua kicheko, mteja akatikisika nikampunguza nyusi, dada akauliza, "Kaka, una uhakika?" nikamjibu, "Mimi nimetembea, huniambii kitu."

Kumbe alikuwa anasema mtoto wa jicho.

Juzi mama alilikaribisha koti langu lililoning'inia mlangoni, "Karibu mgeni, keti, mbona umesimama kama askari?" Daktari anasema apasuliwe, tena asikawie, na mama keshawatangazia majirani kwamba mwanawe amemkatia bima mpaka kwenye kope. Meno nimemlipia, anayo mawili, nayo hayasalimiani. Nimemdanganya kuwa mashine ya hospitali ni mbovu. Je, nimwambie wakala ukungu umeanza wiki hii, ili aingize jicho kwenye bima?

Kinyozi Mtembezi

*

Mtembezi,

Kote huko ulikotembea hukupita hata mlangoni pa kliniki ya macho? Nimecheka mpaka nikajifuta machozi, kisha nikamkumbuka mama yako akiongea na koti, kicheko kikanikauka.

Hapana, usimdanganye wakala. Daktari wao ataliangalia jicho na kujua ukungu ule si wa juzi, halafu wataifuta bima yote, na hayo meno mawili yabaki yatima. Nenda ofisini kwake kwa miguu yako, bila spika, umwombe radhi. Muulize kama mkataba bado unaweza kurekebishwa, na ugonjwa uliokuwepo tangu mwanzo unasubiri muda gani kabla ya kulipiwa. Akisema mwaka, usikae kusubiri mwaka. Bima ya msingi inalipia upasuaji huo, wewe mwenyewe umesema tatizo ni foleni. Basi mwandikishe leo! Kila siku unayotunga habari za mashine mbovu, wenzake wanapita mbele yake. Nyongeza ni ya kuziba pale ya msingi isipofika, si ya kuwaringia wateja.

Na safari nyingine wakala akisoma, mama awe amekaa pale, asikie kila neno. Jicho ni lake, kaka, si la saluni.

Leo jioni mwambie ukweli. Atakutukana, na ana haki. Kisha mshike mkono mwende. Mtoto wa jicho daktari atamtoa. Huyu aliyetoka tumboni mwake, mwenye mdomo, hana daktari. Mama atabaki naye hivyohivyo, na nina hakika akifunguliwa bandeji atataka kumwona huyohuyo kwanza.