Maji Mafu Niliyoyasema Mimi

Kwako kaka Saidi, Rongui.

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute bado uko nchi kavu, mashua hujaitia maji. Goti limepoa? Na mama, kifua kimemwachia? Mimi mwili mzima, ila moyo haukai. Simu huku haishiki, na neno lenyewe si la simu.

Kazi yangu melini ni chupa. Alfajiri natia maji ya bahari kwenye chupa mbili. Moja naiacha ione jua, moja naifunga kitambaa cheusi. Nazishusha kwa kamba mpaka magharibi, ndipo doutora, yule mama mtaalamu wa bahari wa Maputo uliyemwona mkutanoni, anapima hewa. Ndani ya maji mna majani madogo, macho hayayaoni. Kwenye mwanga yanatengeneza hewa. Kwenye giza yanapumua tu, yanaila. Sasa hivi kaskazi maji ya juu yamepata moto, yameketi juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi, na chakula kimebaki chini. Kinachotengenezwa mchana, karibu chote kinaishia kwenye kupumua. Mpaka kusi ije ikoroge. Doutora anayaita água pobre, maji maskini.

Sasa nisikilize. Siku ile ya mkutano alisema meli ya watu wa gesi itavuta kamba zake za kupimia gesi nje ya kisiwa msimu wote wa água pobre, mashua zisiende huko. Mkalimani mimi. Hilo "maskini" nikalionea haya. Bahari iwe maskini, mbele ya wavuvi wazima? Nikasema "wakati wa maji mafu."

Unakumbuka mjomba Bakari alivyocheka? "Maji mafu tu? Siku tano sita za mwezi nusu, maji hayajai wala hayapwi sana! Si tunakaa tunashona nyavu siku hizo, hata bila kuambiwa! Waambie waandike, mpwa, waandike upesi!" Watu wakacheka, wakaweka vidole gumba kwenye karatasi ya makubaliano. Na wewe ukanipiga bega: "Leo umetutetea, mdogo wangu."

Kaka, nilijua pale pale. Nyinyi mmeelewa siku sita, karatasi inasema miezi. Doutora akaniuliza, "Wanacheka nini?" Nikamwambia wamefurahi. Niliogopa aone mkalimani wake hajui kazi. Basi. Nimetafuta sababu nyingine, hakuna.

Jana meli ya gesi imefika. Nyuma yake kamba, jicho halifiki mwisho wake, na maboti mawili ya walinzi. Nimewasikia kwenye redio: nyavu watakazozikuta watazikata. Na mwezi nimeuangalia. Maji mafu yanaisha Jumapili. Jumatatu wewe na mjomba mtatoka, mkijua mna ruhusa.

Msitoke. Nakushika miguu kaka, msitoke.

Asubuhi nimemwambia doutora yote. Aliiweka chini chupa yake. Halafu akasema, "Mafu? Wewe mwenyewe kila siku unaona yanapumua." Anasema mkutano urudiwe, na ataandika kwamba mlikubali kitu kingine. Watu wa gesi watamsikia au hawatamsikia, sijui. Nimeomba nishuke na boti la chakula la leo, halina nafasi. Lingine ni Jumatano, mtakuwa mmeshatoka. Ndiyo maana natanguliza barua.

Ijumaa baada ya swala isome mbele ya watu. Usimpe mwalimu wa chuo, atanirembea maneno. Soma wewe, na jina langu usilimeze. Mjomba akinitukana, mwache amalize.

Msalimie mama, yeye mwambie taratibu. Msalimie shemeji Zuhura. Na mke wangu Amina asikie kwako kabla hajasikia kisimani.

Jumatano nitateremka hapo, na nitalisema hilo "maskini" kwa mdomo wangu. Ukija kunipokea pwani, bega usinipige.

Ni mimi mdogo wako, niliyewasemea vibaya,
Juma